Ujira wa Anayetulinda Usiku

Mwezi wa nne ulikuwa umeshaingia, na mlinzi wa msikiti wetu hapa Wete hajapata ujira wake. Msimu wa karafuu ulikuwa mdogo, michango ya Ijumaa ikapungua, nasi wanakamati tukajiambia kuwa mzee yule ni mcha Mungu, atasubiri. Alfajiri moja, baada ya sala, alitufuata barazani akasema kwa sauti ya chini: "Wanangu, sikuja kugombana. Lakini dukani nimekopa mpaka naona haya kupita mbele yake." Tulimwomba astahamili. Usiku ule alirudi lindoni kama kawaida, na kurudi kwake kulituumiza kuliko kama angegoma.

Chuoni tulisomeshwa kwamba ajira ni mkataba, na kwamba Mtume (S.A.W.) ameusia mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Tumeyasikia hayo mimbarini mara nyingi, wala hatukudhani kuwa tunaoambiwa ni sisi. Tuliigeuza subira ya mtu kuwa akiba ya msikiti.

Kosa hili hutendwa na wakubwa kuliko sisi. Mwezi wa Septemba 1919, katika mji wa Boston, Marekani, askari polisi zaidi ya 1,100 waliacha kazi kwa kudai mishahara, saa za kazi, hali mbaya ya vituo na haki ya kuwa na chama. Maduka yakaporwa na watu wakafa. Wagomaji walifukuzwa, na walioajiriwa badala yao wakapewa mishahara bora kuliko ile ya waliofukuzwa. Kumbe fedha ilikuwako. Kilichokosekana ni sikio.

Kwetu, Januari 20, 1964, siku nane tu baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi. Walitaka nyongeza ya mshahara, na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Moto ulifika Tabora, na siku chache baadaye ukavuka hadi Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Tanganyika, iliyopata uhuru wake mwaka 1961, ikalazimika kuomba majeshi ya Uingereza yaje kuuzima.

Hatuhalalishi uasi. Mwenye silaha akiasi, wanaoumia kwanza ni wanyonge. Lakini kwa kuwa tumemzuia askari kugoma, deni letu kwake limekuwa zito zaidi: aliyefungwa mdomo asingojewe mpaka apige kelele. Kenya, Desemba 2022, iliunda jopo chini ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kuangalia hali za polisi. Jopo lilipendekeza nyongeza ya asilimia 40 kwa askari wa vyeo vya chini, na utekelezaji wake wa miaka mitatu ukaanza Julai 2024. Wapo wanaosema ni kidogo na umechelewa. Hata hivyo, kuuliza kabla ya ghasia ni bora kuliko kujuta baada yake.

Nasi tulikutana baada ya Isha. Sandukuni zilikuwamo fedha za zulia jipya, lakini zilitolewa kwa nia hiyo, na nia ya mtoaji haibadilishwi kwa kura ya kamati. Tukawaendea waliotoa, nyumba baada ya nyumba, kuomba idhini. Bibi mmoja alituuliza: "Miezi yote hiyo mlikuwa mkimpita mlangoni mkimpa salamu tu?" Hatukuwa na jawabu. Aliridhia, na wenzake wakaridhia.

Mzee alilipwa miezi yake yote, nasi tukamwomba radhi mbele ya jamaa. Zulia la zamani bado lipo, limechakaa sehemu ya magoti. Sasa ujira wa mlinzi hutolewa kwanza kila mwezi, kabla ya umeme na maji.

Ndugu msomaji, nyumbani kwako pia yupo anayekufanyia kazi na kukuonea haya. Usingoje akudai.

Wabillahi tawfiq.