Mkebe wa Hewa

Kayole tunanunua makaa kwa mkebe. Mama akinituma, naangalia ujazwe hadi juu, maana kuna wauzaji wa kupanga vipande vikubwa halafu katikati wanakuachia hewa.

Mjomba alikuwa akichoma makaa huko Taita Taveta, upande wa Kasigau. Siku hizi hachomi. Mwaka wa 2011, mradi wa kulinda msitu huo mkavu ulikuwa wa kwanza duniani kupewa vyeti vya kaboni vya REDD+ chini ya viwango vya VCS. Cheti kimoja ni tani moja ya hewa chafu ambayo haikutoka kwa sababu miti haikukatwa. Kampuni za mbali hununua.

Binti yake alilipiwa karo na basari ya pesa hizo. Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, kwa hivyo siwezi kuicheka miti. Lakini gunia la makaa lilikuwa unga wa leo. Basari haipikwi.

"Makaa nilipima mwenyewe," Mjomba aliniambia kwa simu. "Hiyo hewa, ati inapimwa kwa mkebe gani?"

Nikamsomea sheria ya 2023: miradi ya ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikishatolewa.

Akanyamaza kidogo. "Na gharama anahesabu nani?"

Sikuwa na jibu. Nje ya mlango, Mama alikuwa anapepea jiko. Makaa yale yalichomwa na mjomba wa mtu mwingine, kwenye msitu ambao bado haujapata mnunuzi.