Daftari la Wahitimu na Milingoti ya Wakfu

Binti mmoja aliyesoma madrasa yetu hapa Makambako, sasa mwanachuo, alirejea kufanya mafunzo kwa vitendo ya elimu ya uhifadhi mkoani Njombe. Aliiomba kamati jambo moja tu: daftari la wahitimu, apate kuwaita waliotawanyika. Tulimpa kwa moyo mkunjufu, tusijue kwamba angewaita kwanza kwenye shamba letu wenyewe.

Milingoti ile ya wakfu, iliyopandwa kwa mikono ya wanafunzi hao ili nguzo zake ziuzwe kwa manufaa ya msikiti, imesimama hatua chache juu ya chemchemi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji. Sisi tuliosoma milango ya maji na udhu hatukuwahi kupima hata siku moja. Mito ya nyanda hizi huteremka Usangu, ikaulisha Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi.

Wazee wawili walipinga: wakfu hauchezewi. Hoja hiyo si nyepesi, nasi tuliipeleka kwa masheikh kabla ya kugusa shoka. Jibu lao lilikuwa kwamba manufaa ya wakfu yahamishiwe mlimani, na bondeni ipandwe mivengi.

Siku ya kukata, mhitimu mmoja, sasa seremala, aliomba kwanza autafute mti alioupanda mwenyewe. Tulimsubiri hadi adhuhuri. Hakuutambua.