Uliza Wino Kabla ya Kulipa

Huku kwetu Bombolulu mvua za mwezi Mei hazijali bahasha. Binti wa jirani yangu alipeleka barua ya kuomba kazi. Ilipofika, jina lake lilikuwa doa la buluu.

Kwa hivyo, kabla hujalipa, uliza printa inatumia wino gani. Wino ulioyeyushwa kabisa hupenya karatasi ya kawaida na kutambaa ukilowa. Huo uachie picha za karatasi ya kung'aa. Barua zipigwe chapa kwa wino wa chembechembe, usioyeyuka majini, ama kwa leza, inayogandisha unga kwa joto. Lakini karatasi ya picha za wino usiitie kwenye leza: utando wake huweza kuyeyukia ndani.

Kuuliza si ujinga, msomaji. Barua huenda ndiyo riziki yako.