BWANA CHIFUNGA-TUMBO

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Mpenzi msomaji, ukitajiwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza wa enzi zile, bila shaka unamwona mzungu mrefu, kofia nyeupe, kifua kimejaa nishani, na nyuma yake bahari pana. Nami nataka kukusimulia habari za afisa ambaye vita vyake vilipiganwa katikati ya bara letu, mamia ya maili kutoka pwani, tena akiwa amevaa sketi.

Jina lake Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, Tasmania, akajiunga na jeshi la majini mwaka 1890 akiwa na miaka 14, yaani rika la wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza. Baba yangu angependa sana nijiunge na jeshi letu la majini pale Mtongwe, na kila likizo hunikumbusha kwamba askari ni cheo. Kwa hivyo nilipokutana na habari za bwana huyu nilizisoma kwa makini, nione cheo humfikisha mtu wapi.

Kwa kweli hakikumfikisha mbali. Alijua kupima mito. Alipima Yangtze kule Uchina na baadaye mto Gambia. Lakini baharini alikuwa na mkosi, au tuseme wazi, alikuwa na majivuno yaliyozidi akili. Aliwahi kubuni mbinu ya kukokota kamba baina ya meli mbili ili kunasa nyambizi za adui, nusura aizamishe nyambizi ya kwao wenyewe. Safari nyingine meli yake iligonga mashua na mtu akafa. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914 akapewa kusimamia vyombo vidogo karibu na pwani ya Kent. Mnamo Novemba 11 mwaka huo Wajerumani wakaizamisha Niger, mojawapo ya meli zake, mchana kweupe, naye yuko nchi kavu na mkewe! Basi wakubwa wake wakamtia ofisini London kushughulikia makaratasi. Umri miaka 39, cheo luteni kamanda, wenzake wamekwisha kumpita.

Wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa wakitamba katika Ziwa Tanganyika. Mwindaji mmoja aitwaye John Lee akaenda London mwaka 1915 na wazo: kwa nini zisiletwe mashua ndogo zenye mwendo wa kasi, zipitishwe nchi kavu, zitiwe ziwani bila adui kujua? Wakubwa wakakubali, lakini maafisa wa maana wote walikuwa na kazi. Ndipo wakamkumbuka yule wa makaratasi. Jambo linaloniudhi ni kwamba Lee, mwenye wazo lake, aliondolewa kabla mashua hazijaliona ziwa. Ndiyo hayo, nazi mbovu harabu ya nzima, ingawa sijui hapa nani alikuwa nazi ipi.

Mashua zilikuwa mbili, urefu wa futi 40 kila moja. Spicer-Simson alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza, akakataliwa. Akaziita Mimi na Toutou, majina ya kudekeza ya paka na mbwa kwa Kifaransa. Sisi wana chama cha Kiswahili tutacheka hapo, maana mtu kuiita mashua yake Mimi! Na kwa hulka yake, jina lilimfaa.

Zilipakiwa melini Juni 1915 hadi Cape Town, kisha garimoshi kupitia Rhodesia mpaka Fungurume katika Kongo ya Wabelgiji, ambako reli ilikomea. Sasa sikiliza. Kutoka hapo mashua zilivutwa porini na matrekta ya mvuke na maksai, zikapandishwa milima ya Mitumba, zaidi ya futi 6,000 juu. Njia haikuwapo, ilikatwa. Madaraja yapatayo 150 yalijengwa kwa magogo. Matrekta yakinywa maji kama tembo, wanawake wakayabeba maji vichwani kuyanywesha. Wazungu wa msafara hawakufika 30. Wafanyakazi Waafrika walikuwa mamia kwa mamia, na baadhi ya vitabu husema maelfu. Majina ya wale wazungu unaweza kuyasoma mpaka leo, na vyeo vyao. Ya hawa wengine, hata moja sikuliona.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Katika ukoo wetu hutajwa mzee mmoja aliyechukuliwa vita vile vile, upande wa huku kwetu, kubeba mizigo ya Waingereza. Hakurudi, na kaburi lake halijulikani. Mtaa wa Kariokor pale Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata majina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Mbeba mizigo naye alikuwa kazini, jamani. Mbona yeye hana historia ya kazi yake?

Haya, turudi ziwani. Msafara ulifika mwishoni mwa Oktoba 1915. Desemba 26, siku moja baada ya Krismasi, meli ya Kijerumani Kingani ikapita. Mzinga wake ulitazama mbele tu, basi Mimi na Toutou zikaifuata kwa nyuma. Kwa dakika kama 11 mambo yakaisha, nahodha wake amekufa, meli imetekwa. Ikapewa jina la Fifi. Februari 9, 1916, Fifi na Mimi wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Yule wa makaratasi akapandishwa cheo na kupewa nishani ya DSO.

Waholoholo wa kando ya ziwa walimwita Bwana Chifunga-Tumbo, kwa sababu ya ile sketi ya kaki aliyosema ameshonewa na mkewe. Akioga hadharani, watu hukusanyika kutazama michoro aliyochorwa mwilini. Wao hawakuhitaji nishani ili kumjua ni mtu wa namna gani.

Kisha ikatokea Graf von Götzen, meli kubwa kuliko zote ziwani. Vijana wake wakataka kuifuata, akawakataza. Juni 1916 huko Bismarckburg, siku hizi Kasanga, alisita kwa kuogopa mizinga ya ngome, na Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Mizinga kumbe ilikuwa ya mbao! Akarudishwa kwao mgonjwa, wala hakupewa tena kikosi cha kupigana. Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa shirika la kimataifa la upimaji wa bahari kule Monaco, na nadhani hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

Ile Götzen Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baada ya kupaka mitambo grisi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo yao. Spicer-Simson alipofariki huko Kanada mwaka 1947, meli aliyoikwepa ilikuwa ingali ikisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, sitaha imejaa magunia na akina mama wenye watoto.