Reli ya sentimita 80



Nimekuwa kimya kwa muda, na najua kuna waliodhani nimeacha kuandika. La hasha. Nilikuwa najenga reli. Si ya kwenda Mombasa. Ni reli ndogo ya kuchezea inayokaa juu ya kabati la vitabu sebuleni mwangu. Waliokuja kutafuta habari za hifadhidata wanisamehe kwa leo. Lakini mkinivumilia hadi mwisho mtaona kwamba hii nayo ni habari ya programu, na ya mdudu mmoja niliyekaa naye wiki tatu bila kumwona.

Mambo yalianza na boksi. Mtu mmoja aliyekuwa akihama Nairobi kurudi kwao Ulaya alikuwa akiuza vyombo vya nyumba, nami nikaenda kununua kiti cha ofisi. Nikarudi na kiti na boksi. Ndani mlikuwa na injini moja ya dizeli, mabehewa 8 mafupi, vipande vya reli, pointi mbili, na kisanduku cha umeme cha kuongeza na kupunguza mwendo. Kwa wasiojua, pointi ni zile reli zinazosogezwa ili treni ibadili njia.

Kila kitu kilikuwa cha kipimo kinachoitwa N. Maana yake ni kwamba kitu halisi kimepunguzwa mara 160, na upana kati ya reli mbili ni milimita 9. Piga hesabu: 9 mara 160 ni 1,440, karibu sawa na milimita 1,435 za SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Reli ile ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa milimita 1,000. Kwa kipimo changu ingepaswa kuwa milimita 6.25. Likumbukeni hilo, maana kuna mtu ataligundua baadaye.

Kama kila anayeanza, nilitengeneza duara. Hata duara dogo la kipimo N linataka ubao wenye upana wa karibu nusu mita, kwa hiyo fundi seremala alinikatia plaiwudi ya sentimita 120 kwa 60. Treni ikazunguka. Ikazunguka tena. Baada ya wiki moja nilikuwa naiwasha na kuendelea kusoma barua pepe. Usiku ubao ulisimamishwa nyuma ya mlango, mchana ulilala kitandani.

Kisha mtoto akazaliwa. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na mtoto mchanga ana mizigo kuliko mtu anayehama. Mke wangu hakugomba. Aliniuliza tu ule ubao utakaa wapi mtoto akianza kutambaa. Swali hilo halina jibu la kitaalamu. Nikautoa ubao, nikaomba nafasi moja tu: juu ya kabati la vitabu, urefu wa sentimita 80, upana wa sentimita 30. Nikakubaliwa.

Sasa unawekaje reli kwenye sentimita 80?

Wazo la kwanza ni kupunguza kila kitu. Halifai. Kilomita moja ya reli, kwa kipimo cha N, ni mita 6 na robo. Treni ya mabehewa 20 yenye urefu wa mita 12 kila moja ni mita moja na nusu bila injini. Stesheni ya kweli haiingii, mlima hauingii, hata treni yenyewe haiingii. Ukijaribu kuweka kila kitu unapata picha ya reli, na picha haichezeki.

Nilipotafuta zaidi nikakutana na mchoro wa Mwingereza anayeitwa Alan Wright. Mchoro wake unajulikana kama Inglenook Sidings, na wapenzi wa reli ndogo wanautumia hadi leo. Yeye hakupunguza reli nzima. Alichagua kazi moja tu ya reli, ile ya kupanga mabehewa yadini, akaibakiza kamili. Iko hivi:

1. Kuna njia tatu za pembeni zisizopita. Moja inatosha mabehewa 5, mbili zinatosha mabehewa 3 kila moja.
2. Zote zinakutana, kwa pointi mbili, kwenye kipande kimoja cha reli kinachotosha injini na mabehewa 3.
3. Una mabehewa 8. Unachagua 5 kwa bahati nasibu na kuyataja kwa mpangilio. Kazi ya injini ni kuyapanga hayo 5 kwenye njia ndefu, kwa mpangilio huo huo, kwa kuvuta na kusukuma tu.

Mnaona mahali programa anaponaswa. Kuchagua mabehewa 5 kati ya 8 kwa mpangilio kunakupa maagizo 6,720 tofauti. Ukicheza agizo moja kila siku utamaliza baada ya miaka 18 na ushei. Yote hayo juu ya kabati la vitabu!

Nikafungua XTrackCAD, programu huria ya kuchorea reli za namna hii, nikaanza. Behewa langu moja, kutoka kiungo hadi kiungo, ni sentimita 7. Injini ni 9. Kwa hiyo kile kipande cha injini na mabehewa 3 ni sentimita 30. Pointi ya kwanza 12. Njia ndefu ya mabehewa 5 ni 35. Jumla 77. Zilibaki 3 za kuweka vizuizi vya mwisho. Nilifurahi kama mtu ambaye programu yake imekubali kuendeshwa mara ya kwanza. Mnajua furaha hiyo huwa inamaanisha nini.

Wiki hiyo baba yangu akaja kutoka nyumbani kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alikuwa akae nasi wiki tatu, jicho moja limefunikwa, na daktari amemkataza kuinama wala kubeba kitu kizito. Mzee wangu alifanya kazi ya reli maisha yake yote ya ujana. Alikuwa mpangaji wa mabehewa katika stesheni moja ya bara. Lakini kazi hiyo hatukuwahi kuisikia ikisimuliwa nyumbani. Mkono wake wa kushoto hauna kidole cha mwisho, na tangu utotoni tulijua kwamba hilo haliulizwi. Ndiyo maana boksi lile nilikuwa nimelificha. Niliogopa ataona ninachezea kazi yake.

Siku ya tatu alichoka kusikiliza redio. Nikamkuta amesimama mbele ya kabati, ameinamisha kichwa upande ili jicho zima lione vizuri.

"Reli hii ni pana mno," akasema.

Jicho moja, milimita 9, na aliona! Nikamweleza habari ya SGR na kipimo. Akaguna. Kisha akauliza, "Shingo yako ni hii?" akionyesha kile kipande cha sentimita 30. Mimi sikuwa na jina lake, tangu siku hiyo kinaitwa shingo. Nikamwambia ndiyo, nikamweleza ule mchezo wa mabehewa 5, nikamfungulia mchoro kwenye kompyuta na kumsomea hesabu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nipe kiberiti," akasema.

Hakutaka kuwasha kitu. Alitaka maboksi. Tulitafuta nyumba nzima tukapata manne, tukaongeza vipande vya kadibodi nilivyokata kwa urefu wa behewa. Akavipanga juu ya zile reli: 5 kwenye njia ndefu, kuanzia pale pointi inapoishia. Kisha akachukua boksi moja na kulipitisha polepole kwenye njia ya jirani. Likagonga pembe ya boksi la kwanza na kulisukuma nje ya reli.

Huyo ndiye mdudu wangu. Nilikuwa nimeanza kupima njia pale pointi inapoishia. Lakini pale njia mbili hazijaachana vya kutosha. Reli zenyewe hazigusani, ila behewa ni pana kuliko reli. Lazima uende mbele kidogo mpaka njia ziachane, ndipo uanze kuhesabu nafasi ya behewa la kwanza. Katika yadi halisi mahali hapo huwekwa alama, na behewa haliachwi mbele yake. Kwangu mimi ilikuwa kama sentimita 8. Kwenye kompyuta mistari yangu haikuwa na upana, kwa hiyo hakuna kilichogongana. Nilikuwa nimejaribu programu yangu kwa data ambayo haiwezi kuileta kosa.

Nikasema, kwa utani, kwamba sentimita 8 za reli tupu ni hasara kubwa kwenye kabati la sentimita 80.

Baba alikaa kimya kidogo. Kisha akaweka ule mkono wa kushoto juu ya kabati, kando ya boksi lililoanguka.

"Usiku mmoja wa mvua mtu aliacha behewa mbele ya alama," akasema. "Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kikanyagio cha behewa la njia ya jirani, nimeshika chuma. Nilikuwa nimeangalia taa ya dereva. Sikuona kitu."

Alisema hayo tu. Nina miaka 38, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nasikia. Sikujua la kumwambia, nikasema pole. Akajibu, "Nimeshapoa. Panga mabehewa yako."

Basi tukarudi kwenye hesabu. Shingo 30, pointi 12, nafasi ya usalama 8, njia ndefu 35. Jumla 85, na kabati ni 80. Mimi nilianza kukata kama programa anayepewa memori ndogo. Kuna toleo dogo la mchezo huo, lenye njia za mabehewa 3, 2 na 2, na mabehewa 5 tu. Hilo lingeingia bila shida. Lakini unachagua mabehewa 3 kati ya 5, kwa hiyo maagizo ni 60 tu. Kutoka 6,720 hadi 60! Nikaanza kufikiria kuifupisha ile nafasi ya usalama angalau kidogo. Nilipomwangalia mzee nikaliacha wazo hilo.

Yeye alikuwa anaangalia shingo. Akauliza, "Usiku, ukimaliza kazi, hapa panalala nini?"

Hapalali kitu. Mabehewa yote 8 yako kwenye njia zao, injini imesimama karibu na pointi.

"Basi kwa nini unajenga nyumba ya mtu asiyelala?"

Ndiyo hivyo. Njia za pembeni ni za kuhifadhi, na lazima ziwepo wakati wote. Shingo ni ya kufanyia kazi, inahitajika kazi ikiwepo tu. Mimi ninayelipwa mshahara kwa kujua tofauti ya diski na memori ya muda sikuiona. Jumamosi fundi alinitengenezea kibao cha sentimita 10 chenye bawaba mbili ubavuni mwa kabati. Nikitaka kucheza nakiinua, na shingo inakuwa kamili. Nikimaliza nakishusha na kabati linarudi kuwa kabati. Mtoto hakifikii. Mke wangu amekipima kwa macho na hajasema neno.

Tangu hapo nimekuwa nikiutazama mchoro wa Wright kwa jicho lingine. Hesabu nafasi zake: 5 na 3 na 3 ni 11. Mabehewa ni 8. Kuna nafasi 3 zilizoachwa wazi, na shingo nayo inachukua mabehewa 3. Mwanzoni niliziona kama nafasi zilizobaki, nikawa natamani kununua mabehewa matatu zaidi nizijaze. Ukizijaza, kuna mabehewa ndani ya njia ndefu ambayo hayatatoka tena mahali pake, na mchezo umekwisha. Nilimweleza baba hilo. Akaniambia kila mpangaji mpya hujua siku ya kwanza ambayo yadi inajaa: yadi iliyojaa ni maegesho.

Wengi wenu mnaishi nyumba kama yangu, na kuna mnaotaka kujenga kitu wakaambiwa hakuna nafasi. Ushauri wangu ni huu. Chagua kazi moja na uibakize kamili. Pima vitu vyenyewe, si mistari. Tenga nafasi ya kuhifadhia na nafasi ya kufanyia kazi, kisha uikunje ile ya kazi. Na unapofika mahali pa kubana, usianze na zile sentimita zinazoonekana hazina kitu. Uliza kwanza ziliwekwa na nani na kwa nini.

Baba alirudi nyumbani na jicho lake linaona vizuri. Niliandika programu ya kutafuta hatua chache zaidi za kutimiza agizo lolote, lakini yeye hakuitaka. Kila Jumapili jioni ananipigia simu, anauliza mtoto anaendeleaje, kisha ananitajia namba tano. Ananisubiri kwenye laini nikiinua kibao. Nikikosea anasikia, sijui anasikiaje.

Wiki hii ametaja 7, 2, 8, 1, 4. Bado nahangaika na ile 8.

Haya, tuonane tena. Makala ya hifadhidata inakuja, naahidi :-)