Hiyo Kinga Uliyoizima

Mabawa, Tanga

Mwanangu,

Bibi yako mguu umepungua uvimbe, na baraza ya mbele imeshapigwa sakafu. Nimeshika kalamu kwa maneno niliyoyapata kwa dada yako: eti kijana mnayelala naye chumba kimoja huko Dodoma kakwambia uzime kinga ya mfumo kwenye laptopu, inakula nafasi, nawe ukaizima ili sinema na magemu yaenee. Kama ni uongo, nisamehe. Kama ni kweli, iwashe kabla hujalala.

Najua utasema shangazi kazi yake kuchapa barua za watu. Nimechapa, ndiyo, tangu enzi za stensili. Baba yako alinicheka niliponunua kompyuta kwa fungu langu la minazi ya Pangani. Leo hati zake za kiwanja anakuja kuchapishiwa hapa dukani na hajatoa hata mia. Tuyaache hayo.

Pale Mwanzange kuna mwalimu, mteja wangu. Alinunua printa ya mtumba, akaweka draiva kwa sidii ya kuazima. Kompyuta ilipowaka tena ikaleta skrini ya buluu, ikajizima, ikawaka, buluu tena. Akaniletea imefungwa kwenye kanga. Nikatafuta siku ya kuirudisha nyuma, sikuona hata moja: kinga haikuwashwa. Windows 10 mara nyingi huja hivyo, na muuzaji hakwambii. Nikamsihi aniachie nitoe mafaili yake kwanza. Hakusubiri, alama zilitakiwa Jumatatu. Akaenda kwa fundi mmoja mjini. Fundi akapiga windo, akafuta C nzima, na alama za madarasa matatu zilikuwa papo hapo desktopu. Tukazijaza upya kutoka kwenye madaftari ya watoto, yeye akinisomea, mimi nikichapa, mpaka adhana ya alfajiri.

Na ugonjwa wenyewe ulikuwa draiva tu! Angekuwa na hifadhi ya jana yake, Windows ingerudisha mafaili ya mfumo, rejista na draiva kama vilivyokuwa, na kazi zake zisiguswe. Kitu hicho kipo tangu Windows Me ya mwaka 2000, wewe hujazaliwa.

Basi fungua pa kutafutia, andika "Create a restore point". Chagua C, bonyeza "Configure", weka alama kwenye "Turn on system protection". Chini yake pana kitelezi cha nafasi: asilimia 5 inatosha kuanzia, na kwa diski yako ya GB 256 hiyo ni GB 13 hivi. Huyo rafiki yako anakutisha kwa GB 13? Kisha bonyeza "Create", utengeneze hifadhi ya kurudishia, uipe jina utakalolikumbuka. Ukitaka kuweka draiva au programu usiyoijua, tengeneza nyingine kwanza. Windows nayo hutengeneza zake mara kwa mara, lakini usiitegemee. Siku ya kurudisha, chomeka chaja, maana ikizimika katikati utaharibu zaidi. Na programu ulizoweka baada ya siku hiyo zitaondoka, usinipigie kelele.

Ila usije ukadhani kinga hii inatunza kazi zako za chuo. Ukifuta faili la Word, haitakurudishia. Kirusi cha WannaCry kilichozagaa duniani Mei 2017 kilifunga mafaili ya watu na kuzifuta hizo hifadhi za kurudishia. Kwa hiyo kazi zako ziwe na nakala kwenye diski ya pembeni, na isikae imechomekwa.

Flashi za watu usichomeke ovyo. Bumu likitoka usilimalize kwa viatu. Swala usiache.

Na huyo wa chumbani, kama fundi kweli, mwulize yake ikigoma kuwaka usiku wa kuamkia mtihani atafanyaje. Mimi simjui, lakini anayemwambia mwenziwe azime asichokielewa, hata kufuli la sanduku lako simwamini nalo.

Ukishaiwasha, piga picha ya kioo panapoonyesha C na neno "On", unitumie WhatsApp kwa namba ya dukani. Usimtumie dada yako, yeye atakutetea.

Shangazi yako