Gari la Kumfikisha Mama Amu

Kutoka Mombasa hadi gati ya Mokowe ni zaidi ya kilomita 300 za barabara, na kutoka Mokowe hadi mji wa Amu ni bahari. Kwa kijana mwenye afya hiyo ni safari ya siku moja, na uchovu wake huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Kwa mzazi aliyepita miaka 70, ambaye pingili za kiuno zimechakaa, kila tuta la barabarani ni pigo, na kila kupanda na kushuka garini ni mtihani.

Mama yetu mzazi, Mwenyezi Mungu amzidishie afya, ni mzaliwa wa Langoni, Amu. Dada yake mkubwa yungali huko, naye ni wa kitandani, hawezi tena kusafiri. Kwa miaka minne ndugu hao wawili walikuwa wakisikilizana kwa simu tu, kwa kuwa safari ya mwisho ya basi ilimlaza mama siku tano asiweze kuinama. Mwaka huu alitwambia kwamba anataka kumwona nduguye kabla mmoja wao hajatangulia. Hakuongeza neno, wala hapakuwa na haja ya kuongeza.

Ndege ilifikiriwa. Lakini ndege hutua kisiwani Manda, nayo ina ngazi zake za kupanda na kushuka, na kutoka Manda ni lazima kuvuka kwa boti vilevile. Tena mama alitaka njiani kusimama anapopenda na kunyoosha mgongo anapochoka. Basi tukakubaliana, sisi wanawe, kuuza gari dogo la zamani na kuchanga ili kununua jingine litakalomfaa yeye. Ndugu yetu aliyeko Muscat alileta sehemu yake, na kilichopungua tukakikamilisha sisi tulio hapa, ili tusiingie katika deni la riba. Kumfanyia mzazi wema kwa njia ya haramu ni kujenga nyumba na kubomoa msingi wake.

Yadi za magari Mombasa ni nyingi, na mengi ya magari yake hutoka Japan na kushushwa bandarini Kilindini. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limepita miaka 8, kwa hiyo mengi yaliyopangwa hapo yana umri wa kukaribiana. Madalali walitusifia injini, rangi, redio na rimu zinazong'aa. Tulizunguka asubuhi nzima, na hapana aliyetuuliza mzazi huyo ataingiaje garini na atatokaje. Nasi tulikuja kujua kwamba hilo ndilo swali la kwanza.

Mgongo mbovu huumia zaidi wakati wa kuinuka na kuketi kuliko wakati wa kukaa. Gari lenye kiti cha chini humlazimisha mtu ajikunje kuingia, na kutoka ajivute juu kwa nguvu za kiuno. Gari refu la kwenda porini lina kasoro ya pili: humtaka apande. Hapa wanawake wetu watatuelewa upesi. Mwenye buibui akiinua mguu kukanyaga bodi ya pembeni, vazi humbana, mwili humpinda upande mmoja, na asiposhikwa ataanguka. Akishikwa, huenda akashikwa na asiyekuwa maharimu wake. Kiti kinachofaa ni kile ambacho mzazi akisimama kukipa mgongo, ukingo wake humfikia usawa wa nyonga au chini yake kidogo. Hapo huketi kwanza, kisha huzungusha miguu yote miwili pamoja, magoti yakiwa yameshikana, pasi na kuusokota uti wa mgongo. Kutoka ni vivyo hivyo kinyumenyume.

Tulimchukua mama mwenyewe hadi yadini. Wako waliotucheka, wakisema bibi wa umri ule ana habari gani na magari. Akajaribu saluni ya chini, akatoka akiwa ameuma midomo. Akajaribu gari refu ambalo vijana wetu walikuwa wamelipenda mno, akatazama bodi lake la kupandia, akasema, "Wanangu, hili ni dari, si gari." La tatu lilikuwa la familia, aina ya Toyota Noah, sakafu yake iko chini, na mlango wake wa nyuma huteleza kando ukaacha nafasi pana. Kijana wa yadi akanyosha mkono kumsaidia. Mama akamzuia kwa upole: "Niwate, baba, nitaingia mwenyewe." Akashika kishikio, akaketi, akazungusha miguu, akatulia. Tulimwomba mwenye yadi amwache akae humo dakika 20, kwa kuwa kiti kinachopendeza kwa dakika mbili huweza kuwa adhabu kwa saa mbili. Aliposhuka, alishuka peke yake.

Sisi tuliosoma vyuoni tumezoea kuzieleza aya za Suratul Israa, ya 23 na ya 24, zinazoamrisha wema kwa wazazi wanapofikia uzee: tusiwatamkie hata neno la kuchoshwa, na tuwainamishie bawa la unyenyekevu kwa huruma. Aghalabu tunapozieleza hutaja ulimi. Lakini wema una mikono pia. Mzazi anayelazimika kuomba anyanyuliwe kila anapokwenda, mwisho huacha kuomba, na akiacha kuomba huacha kutoka. Wangapi katika mitaa yetu tunadhani wamependa kukaa ndani, kumbe wamechoka kubebwa? Kumchagulia mama gari analoingia mwenyewe ni kumrudishia mlango wa nyumba yake.

Baada ya kiti, tuliangalia vile vinavyolainisha mwendo. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya mizigo huwa na springi ngumu. Hutulia yakijaa shehena, na yakiwa matupu hurusha abiria. Rimu kubwa zenye tairi jembamba hupendeza machoni, lakini tairi lenye ukuta mnene wa mpira ndilo linalomeza mashimo. Upepo wa matairi nao una kipimo chake, kimeandikwa kwenye kibandiko ubavuni mwa mlango wa dereva. Ukizidi, kila kokoto husikika kiunoni. Fundi akatubadilishia vile vizuia mshtuko vya nyuma, ambavyo wao huviita shoki, kwa kuwa vilikuwa vimeanza kuvuja mafuta. Gharama yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na rimu tulizokuwa tukisifiwa.

Safari tuliipanga kwa mwezi. Wavuvi wetu wanajua kwamba katika siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa mnamo saa kumi alasiri. Maji yakijaa, boti hunyanyuka karibu na gati na ngazi za kushuka huwa chache; yakipwa, ngazi huwa nyingi, nazo zina utelezi. Tukachagua tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, tukaondoka baada ya Swala ya Alfajiri baada ya kusoma dua ya safari.

Mama alikaa safu ya kati. Kiti cha nyuma kabisa kiko juu ya magurudumu, na huko ndiko mtikiso ulipo mkali. Nyuma ya kiuno chake tuliweka taulo dogo lililokunjwa mviringo, pale mgongo unapoingia ndani, na kiti kikalazwa kidogo. Mkanda ulipita juu ya nyonga, si tumboni. Ndani ya buti tulitia kiti cha plastiki chenye mikono, maji na mswala.

Aliyeendesha ni mpwa wetu, kijana mwema lakini mwenye haraka. Kabla ya kuondoka tulimkumbusha kisa kilichomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim, cha Anjasha, aliyekuwa akiwaongoza ngamia waliopandwa na wanawake. Aliwaimbia wakaongeza mwendo, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamtaka aende taratibu, akiwafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. Mpwa wetu alicheka, lakini alilisikia. Toka Mtwapa hadi Kilifi, penye matuta na njia za mchepuko palipokuwa na kazi ya kupanua barabara, alipunguza mwendo mapema, akalipanda kila tuta kwa magurudumu mawili ya mbele pamoja, si kwa ubavu. Mama akasema, "Leo napita barabara hii kama napita majini."

Kilifi tulisimama baada ya daraja, mama akatembea hatua mia moja akiitazama hori ile ya buluu. Huo ukawa mwendo wetu: kila saa moja, kusimama na kutembea dakika 10. Mgongo ulioketi sana hukaza, na dawa yake ni kutembea. Tukaacha mashamba ya mkonge nyuma yetu, tukapita msitu wa Arabuko Sokoke, tukafika Malindi jua limepanda. Huko tulinunua mahamri na mbaazi, mama akala akiwa amesimama, akisema ni raha kula bila kuinama.

Kutoka Malindi tulivuka mto Sabaki, tukapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, kisha nchi ikawa tambarare na kimya hadi karibu na Garsen. Ule ni ukanda wa mto Tana. Mto ukifurika, barabara hukatika, kwa hiyo mwenye mgonjwa asiende huko wakati wa mvua kubwa bila ya kuulizia kwanza. Vizuizi vya askari vilikuwapo, na kila kizuizi mama alikitumia kunyoosha miguu.

Witu tuliswali Adhuhuri na Alasiri, kwa kukusanya na kupunguza, kama inavyomjuzia msafiri. Mama aliswali juu ya kile kiti cha plastiki. Wako wazee wanaoona haya kuswali wameketi, wakajilazimisha kusujudu hadi washindwe kuinuka. Imran bin Huswayn, radhi za Allah zimshukie, alikuwa na maradhi akamuuliza Mtume kuhusu Swala, naye akamwelekeza aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kuketi. Asipoweza, kwa ubavu. Mwenye udhuru hapunguziwi thawabu zake. Tusiwaache wazee wetu wakidhani kwamba maumivu ndiyo ibada.

Tulifika Mokowe saa tisa na nusu. Hapo ndipo gari lilipoishia, kwa kuwa Amu ni mji wa miguu na punda. Vichochoro vyake, vilivyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, havikujengwa kwa magurudumu. Na hapo ndipo tulipoelewa tulichokinunua. Sehemu ngumu ya safari ilikuwa bado: ngazi za gati, boti inayoyumba, na mwendo wa miguu hadi Langoni. Gari jema halikuwa limemfikisha mama kwao. Lilikuwa limemhifadhia nguvu zake kwa ajili ya hatua zile ambazo hapana awezaye kumtembelea. Maji yalikuwa yamejaa. Alishuka ngazi nne, mkono wake katika mkono wa mwanawe, akaketi katikati ya boti.

Langoni alitembea mwenyewe, akipumzika barazani mara mbili. Khalati alipoisikia sauti yake ukumbini alijaribu kuinuka kitandani. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, na tukawaacha. Walikaa pamoja siku sita.

Ndugu wasomaji, mabanati zetu na mabwana, huenda wengi wenu hamna uwezo wa kununua gari jingine, na hilo halikatazi wema. Taulo la kukunja, kiti cha plastiki, upepo wa kadiri katika matairi, dereva asiye na haraka, na kusimama kila saa moja, vyote hivi vinawezekana hata katika gari la kukodi. Mwulizeni daktari kwanza kama mgongo unaruhusu safari. Kisha mwulizeni mzazi mwenyewe, na mwacheni aketi ajaribu, kwa kuwa mgongo ni wake na yeye ndiye aujuaye. Katika Surat Luqman, aya ya 14, tunakumbushwa kwamba mama alitubeba udhaifu juu ya udhaifu. Hakutuchagulia njia fupi wala hakulalamikia uzito wetu.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wazee wetu walio wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na atuwafikishe kuwatumikia waliobaki kabla ya siku ya majuto. Amin.